Mita Sita Kabla ya Mikuyu

6 Agosti

Leo nimefanywa katibu wa kamati ya maji bila kuulizwa. Nilikuwa nimeenda mkutanoni kumshika mama mkono kwenye mteremko, kwa sababu ya goti lake, na nilipoketi tu Mama Mulei akasema, "Huyu ana kompyuta," kama mtu anayesema huyu ana homa. Wakapiga makofi. Katibu aliyekuwepo alihamia Kitui kwa mwanawe na hakuacha chochote ila faili moja ya kijani na kalamu isiyoandika.

Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia kwamba nimefurahi. Nilimaliza chuo kule Kwa Vonza mwaka juzi, masomo ya maji na udongo, na tangu hapo nimetuma barua za kazi sitini na moja. Hakuna aliyewahi kunihitaji kwa haraka.

Haraka yenyewe ni hii. Gharika ya Aprili iliharibu bwawa letu la mchanga. Mgeni akiliona bwawa la mchanga hajui kwamba ni bwawa: ni ukuta wa mawe na simiti uliokatiza mto mkavu, na nyuma yake mchanga mtupu, tambarare, mbuzi wamelala juu. Maji yamo ndani ya mchanga. Kwa miaka kumi na tano yalitosha shule na kioski cha maji. Mwezi wa nne mto haukuuvunja ukuta. Uliuzunguka upande wa kushoto, ukala ukingo, ukabeba mchanga wote pamoja na bomba. Sasa mama na goti lake, na kina mama wote wa hapa, wanafuata maji kilomita saba.

Kuna Mfuko mpya wa kurejesha miradi ya maji iliyoharibiwa na mafuriko. Maombi yanafungwa tarehe thelathini mwezi huu. Mvua huja Novemba. Nthiwa, fundi aliyejenga ule ukuta, anasema mvua ikilikuta pengo lile likiwa wazi, mto utahamia shuleni na kujiandikisha darasa la kwanza.

8 Agosti

Upepo, vumbi. Nimesoma masharti ya Mfuko mara tatu. Nayapenda. Sijui kama huo ni ugonjwa.

13 Agosti

Mfuko unataka jamii ichangie, na si lazima pesa. Mawe, mchanga na nguvu za watu vinahesabika. Kwa hivyo mwethya, kazi yetu ya pamoja, imeanza: kila Jumanne na Alhamisi kikundi kizima kinakusanya mawe mlimani na kuyateremsha mtoni, wanawake ishirini na sita na wanaume wanne, na kati ya hao wanne mmoja huja kwa ajili ya maharagwe.

Mwethya ina sheria zake. Aliyechelewa hubeba jiwe la kwanza peke yake kutoka juu hadi chini, wengine wakimwimbia wimbo uliotungwa papo hapo juu yake. Leo nilichelewa. Wimbo wangu ulisema Wavinya analala na kompyuta, na kompyuta haijui kuchemsha chai. Mama yangu mzazi aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mtunzi alikuwa Mama Mulei, mwenyekiti. Katika daftari hili nitamwita Kalunde, jina lake, kwa sababu mdomoni sithubutu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayepima rundo la mawe kwa kulipiga teke. Nilimweleza jinsi mikondo ya maji ya mvua inavyoongeza kasi kwenye miteremko isiyo na matuta. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Maji ukiyangoja mtoni umechelewa. Yashike yakiwa bado shambani kwa Nthiwa." Ndiyo nilichokuwa nimesema, kwa dakika kumi. Akaamuru kila shamba la juu lichimbe fanya juu tatu, matuta ya kuzuia maji, kabla ya mvua, na wenye mashamba wakakubali bila kubisha, Nthiwa wa kwanza.

Nadhani hanipendi. Nadhani na mimi simpendi.

Wakati wa mapumziko tuliketi kwenye jua, ukingo wa kulia, leso kichwani. Ng'ambo, upande wa kushoto, kuna mikuyu saba na kivuli kinachotosha kanisa zima. Hakuna aliyevuka.

20 Agosti

Nimefungua faili ya kijani. Ina mchoro wa bwawa wa mwaka 2009, wa penseli, na maelezo kwa mwandiko wa kulala. Bawa la kulia la ukuta limezama ndani ya ukingo. Bawa la kushoto limeishia mita sita kabla ya mikuyu, hewani. Na ni hapo hapo mto ulipopita. Sababu iliyoandikwa ni neno moja: mwamba.

Nilimwuliza Nthiwa ni mwamba wa aina gani. Akasema, "Andika mwamba." Nilimwuliza Kalunde. Akasema, "Si imeandikwa?" Nilimwuliza mama, akaniambia chai inapoa.

Kwa hivyo nimeandika: Bawa la kushoto haliwezi kurefushwa kutokana na mwamba mgumu usiochimbika, badala yake, jamii inaomba kuinua ukuta na kuziba pengo kwa mawe yaliyofungwa kwa waya. Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti. Ina mwendo mzuri.

27 Agosti

Kurasa thelathini na moja. Ramani mbili, jedwali la mvua la miaka ishirini, mpango wa matuta. Nimeandika kitu kizuri. Naliandika hilo hapa ili nisilitamke popote.

29 Agosti

Mtandao ulikataa nyumbani, ukakataa shuleni, ukakubali juu ya jiwe nyuma ya kanisa. Nilishika kompyuta juu ya kichwa hadi maombi yakaenda. Nthiwa, aliyekuwa akipita na punda, alivua kofia. "Injinia wa kalamu," akasema, "sasa unaomba mvua ama unaomba pesa?" Nikamwambia vyote viwili.

9 Septemba

Jua.

11 Septemba

Jua. Mama ametoka saa kumi na moja asubuhi kwenda majini na kurudi saa tano. Goti limevimba. Nilimwambia kesho nitaenda mimi. Akasema kesho nina mwethya.

17 Septemba

Wamepiga simu. Tumeingia orodha ya pili. Mhandisi anakuja tarehe ishirini na sita kuona kwa macho. Nilimpelekea Kalunde habari mbio. Alikuwa akipepeta ndengu. Hakufurahi kama nilivyotaka. Aliuliza tu, "Kuona nini?"

26 Septemba

Niandike yote, na niandike polepole.

Tulijipanga kwenye ukingo wa kulia tangu saa mbili, watu thelathini na kitu, mawe yetu yamepangwa kama mkate. Gari lilipofika Nthiwa alimkimbilia mwanamume aliyeshuka upande wa kulia, akamshika mikono yote miwili, akamkaribisha kwa hotuba fupi. Yule alikuwa dereva. Mhandisi alikuwa ameshuka upande wa pili na alikuwa tayari mtoni, amepiga magoti, anachota mchanga kwa kiganja.

Anaitwa Intisar Adow, kwao ni Garissa, na ni wa rika langu. Mtandio wa kijani, buti za jeshi, kipimo cha utepe mkononi. Nilihisi wivu. Si wivu wa chuki. Ni ule wa kuona mtu amevaa nguo uliyoizoea kuiona ndotoni.

Alisifu mawe. Alisifu mpango wa matuta, akauliza ameuandika nani, na watu wote wakanisukuma mbele. Alisema ameupenda ukurasa wa kumi na nne. Kwa muda wa dakika tatu hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Makueni.

Kisha akasema, "Nionyesheni mwamba."

Sijawahi kuona watu thelathini wakiangalia vitu thelathini tofauti. Mwingine aliangalia kucha. Mwingine alianza kumfunga mtoto upya mgongoni. Intisar akavuka peke yake hadi ukuta unapoishia, akaomba mtaimbo. Nthiwa alimpelekea, akaukabidhi kwa mkono ulionyooshwa, akarudi nyumanyuma. Intisar aliuinua mtaimbo, akaushusha, ukaingia ardhini kama kisu kwenye papai. Akasogea hatua moja, akaushusha tena. Na tena. Aliufuata ule mstari hadi karibu na mikuyu na hakugonga hata kokoto.

"Nani aliandika mwamba?"

Ningeweza kutaja faili ya kijani. Nilikuwa nayo kwapani.

"Mimi," nikasema.

"Uliuona?"

"Hapana."

"Unaishi mbali?"

"Dakika kumi."

"Ulisomea nini?"

Nikamwambia. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Angesema, ingeuma kidogo.

Nthiwa ndiye aliyeingilia. Alisema, kwa heshima kubwa, kwamba labda mwamba ulibebwa na maji. Watu walicheka kwa namna watu wanavyocheka msibani, na hata Intisar aliuma mdomo. Lakini alipofunga daftari lake alikuwa hacheki. Aliniambia hawezi kuupeleka mbele uongo, hata ukiwa mdogo, hata ukiwa na jedwali. Anataka barua kabla ya tarehe saba Oktoba inayoeleza kwa nini ukuta uliishia pale. Sababu ya kweli, si nyingine. Asipoipata, ombi letu linatoka, na mfuko hautafunguliwa tena hadi mwaka ujao.

Mwaka ujao mto utakuwa darasani.

28 Septemba

Nimezunguka siku mbili kutafuta sababu. Mchungaji Musyimi aliniambia hilo ni swali la kiroho. Kisha akafikiri, akaniambia ni swali la uhandisi. Kisha akakumbuka ana mkutano mjini Wote.

Nthiwa amekuwa hasikii vizuri tangu juzi.

Jioni nilimwuliza mama, "Mwaitu, kuna nini pale kwenye mikuyu?"

"Kuna miti."

"Na ukuta?"

"Ukuta uliishia."

Mama ni shemasi. Hasemi uongo. Alisema mambo mawili ya kweli kisha akaenda kuwafungia kuku, ambao walikuwa wameshafungiwa.

29 Septemba

Sikulala. Kinachonichoma si kwamba walinificha. Ni kwamba nilijua. Nilipokuwa mtoto nilichapwa mara moja tu kwa sababu ya kuni, na zilikuwa kuni za pale mikuyuni. Nilikuwa najua kwa miguu, na kwa kichwa nikaandika mwamba kwa sababu neno lilikaa vizuri katika sentensi.

1 Oktoba

Nilichelewa mwethya. Nilichukua jiwe langu la adhabu, nikasimama juu ya mteremko nikingoja wimbo. Hawakuimba. Hilo ni baya kuliko wimbo wowote.

Kalunde akapanda kutoka chini, akashika upande wa pili wa jiwe. Tukateremka pamoja. Hakulitua kwenye rundo. Alivuka nalo mto, nami nikiwa nimeshika upande wangu, hadi mwisho wa ukuta, tukaketi juu yake, tukitazama mikuyu.

Alizungumza kwa muda mrefu bila kunitazama. Pale palikuwa ithembo, mahali pa wazee wetu pa kuombea. Mvua ikikataa walipeleka mtama na maziwa kwenye mizizi. Halafu watu wakaingia kanisani na hakuna aliyepeleka tena kitu. Lakini hakuna aliyechimba pia. Mwaka 2009 mchoro ulisema ukuta ufike hadi miti. Nthiwa alianza kuchimba asubuhi. Adhuhuri mguu wake ulikuwa umevimba kama kibuyu. Hakuna aliyesema tuache. Kesho yake kila mtu alijikuta ana kazi ukingo wa kulia. Bawa likaishia lilipoishia. Wote walikuwa watu waliookoka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka kwamba anaogopa miti.

"Halafu afisa akauliza," nikasema.

"Akauliza. Mtu akaandika mwamba."

"Nani?"

"Mimi. Nilikuwa katibu."

Niliifungua faili ya kijani magotini. Mwandiko wa kulala. Nimeuona mwandiko huo kila wiki kwenye orodha ya mwethya na sikuutambua, kwa sababu mwaka 2009 ulikuwa bado na madaha.

Aliniambia mto ulikula nusu ekari yake ya ndengu, na kila alfajiri tangu Aprili ameamka akijua kwa nini. "Nilikuwa nakutazama ukiandika," akasema, "nikasema, Kalunde, huyo ni wewe, tofauti ni kompyuta."

Kisha akasimama, akapangusa sketi, akaniambia jiwe halijihesabu lenyewe. Tulipolirudisha kwenye rundo waliimba. Wimbo ulisema kuna jiwe moja mwethya hii ambalo limetembezwa kuliko binti wa pasta.

3 Oktoba

Nimefanya leo nilichopaswa kufanya Agosti. Nimekwenda na utepe, nikaangalia.

Ukingo ulio chini ya mikuyu haukupoteza hata kiganja cha udongo. Mizizi imeshuka hadi kwenye mchanga, minene kama mapaja, na takataka za Aprili bado zimenasa humo: matawi, bati, kiatu kimoja. Mto wote uligonga pale na kurudi. Ulipita kwenye zile mita sita za udongo mtupu tulizoziacha kati ya ukuta na miti. Tungejenga hadi kwenye mizizi bila kuugusa hata mti mmoja, tungekuwa na maji leo.

Wazee wetu walichagua ukingo mgumu kuliko wote katika mto huu. Sisi tuliuogopa kwa mita sita zaidi ya ilivyotakiwa.

4 Oktoba

Barua ni ukurasa mmoja. Nimetupa nyingine nne zilizokuwa na mwendo mzuri.

5 Oktoba

Mkutano. Niliwasomea. Barua inasema kwamba hapakuwa na mwamba. Kwamba pale ni ithembo la zamani. Kwamba sisi ni watu wa kanisa na tuliogopa. Kwamba tuliona haya kusema tumeogopa. Kwamba makatibu wawili waliandika mwamba, mmoja akijua na mmoja bila kuangalia. Kisha inaeleza habari ya mizizi, kwa vipimo, na inaomba ukuta ufike hapo na uishie hapo.

Nthiwa alipona masikio papo hapo. Alisema tutachekwa hadi Nairobi. Alisema fundi mwenye miaka thelathini ya kazi hawezi kuandikwa kwenye karatasi ya serikali kwamba alishindwa na mti.

"Basi ulishindwa na nini?" akauliza Kalunde.

Nthiwa akafikiri. "Mguu," akasema.

"Tutaandika mguu."

Hapo watu walicheka vizuri, kicheko cha kweli, nikaona mabega yakishuka mstari mzima. Mwanamke mmoja wa nyuma alisema hata yeye mwaka ule alisingizia mimba. Mwingine alisema alisingizia ya huyo huyo. Kalunde akaniambia nisome tena, polepole. Niliposoma mara ya pili hakuna aliyeangalia kucha. Wakapanga foleni kutia sahihi. Mama alitia yake ya tatu, akaandika na cheo: shemasi.

Nimeituma kutoka kwenye jiwe nyuma ya kanisa.

7 Oktoba

Hakuna jibu.

8 Oktoba

Hakuna. Mama amelala mchana, jambo asilolifanya. Nilienda majini. Nilipofika foleni ilikuwa ya mitungi mia na tatu.

10 Oktoba

Amepiga. Nilikuwa na unga mikononi.

Intisar alisema kwao kuna kisima ambacho hata bomba la serikali lilipindishwa kukipita kando, na kwenye michoro yote ya ofisini imeandikwa udongo laini. Alisema ni mara ya kwanza mtu kumwandikia sababu yenyewe. Mizizi aliipiga picha siku ile, na picha na vipimo vyangu vinakubaliana. Bawa litafika kwenye mizizi na halitaigusa. Ombi limepita.

Nikajipangusa unga kwenye leso. Akaongeza, "Na ukurasa wako mmoja ni mzuri kuliko zile thelathini na moja."

Nilimwuliza hata ule wa kumi na nne? Akasema asinidanganye, hata ule.

22 Oktoba

Simiti na vyuma vimetoka Kambu leo asubuhi. Lori lilikwama kwenye mchanga wetu mita mia mbili kutoka bwawani, na mwethya ikabeba mifuko mia moja na arobaini kichwani kabla ya saa saba. Dereva alitaka kusaidia, akapewa mfuko mmoja, akaomba maji.

31 Oktoba

Siku ya mita sita.

Tulijua tangu jana kwamba ni leo. Kila mtu alikuja na Biblia. Ukiwauliza, walisema ni ya kukingia jua. Mchungaji Musyimi alikuja pia, bila mkutano wowote Wote, akaomba kwa muda mrefu, akataja mto, ukuta, serikali na wahandisi, akaruka miti kwa ustadi, akasema amina.

Baada ya amina hakuna aliyesogea. Jembe lilikuwa pale chini. Nililitazama, na niandike ukweli: mimi, mwenye shahada, nilihisi mkono wangu ukiwa mzito. Nilikuwa nikijiambia hesabu hadi tatu, na nilipofika mbili Kalunde alikuwa ameshaliinua. Alipiga mara moja. Udongo ukafunguka kama udongo. Akapiga tena, na mama yangu, akichechemea, akaanza wimbo wa kanisa kwa sauti ya juu mno ambayo hakuna aliyeiweza, na wote tukaingia shimoni ili tu asiimbe peke yake.

Nthiwa alikuwa amevaa gambuti na soksi jozi mbili. Tulimkejeli asubuhi nzima. Saa sita hivi, mita ya nne, aliinua jiwe bapa, na chini yake palikuwa na nge mkubwa, mweusi, mkia juu. Nthiwa alimtazama. Majembe yote yakasimama.

"Kumbe ni wewe," Nthiwa akamwambia. "Miaka kumi na tano."

Watu waliketi chini kwa kucheka. Mchungaji alilazimika kushika ukuta. Nthiwa hakumwua. Alimchota kwa mwiko, akamvusha hadi nyuma ya mikuyu, akamweka hapo, na aliporudi alivua gambuti.

7 Novemba

Tumemaliza. Bawa limefika kwenye mizizi na kuishia hapo, upana wa kiganja kati yao, umejazwa mawe na udongo mzito. Zege inahitaji siku ishirini na nane kukomaa. Nimeyasema haya kwa wote. Kalunde akaangalia mawingu ya kusini. "Waambie na hao," akasema.

11 Novemba

Sisimizi wameingia kwenye sukari. Kifuniko cha mkebe kimepotea.

15 Novemba

Imekuja siku ya nane.

Ilianza alasiri ya jana na matone makubwa, ikakaza, ikageuka ukuta. Bati lilipiga kelele hadi mimi na mama tukawa tunaongea kwa ishara. Nililala nikihesabu: siku nane, robo tatu ya nguvu labda, pungufu kwenye kiungo. Kulipopambazuka ilikuwa imepungua, na ndipo nilipousikia mto.

Mama alikuwa amevaa viatu tayari. Nilimwambia goti. Akaniambia nilishike.

Njiani niliona jambo la kwanza: mashambani kwa Nthiwa, fanya juu zote tatu zilikuwa zimejaa maji hadi ukingo, yamesimama, ya kahawia, hayana haraka. Nilifikiri, hayo ni maji ambayo hayako mtoni.

Watu walikuwa wamefika kabla yetu, mstari mzima ukingo wa kulia. Mto ulikuwa umejaa kutoka pande zote mbili. Ulikuja na magogo. Ulipanda hadi juu ya ukuta, ukapita katikati, pale pa chini palipotengenezwa kwa ajili hiyo, ukaanguka upande wa pili kama shuka linalokung'utwa. Kisha gogo moja refu likageuka, likaelekea kushoto. Niliona likipiga bawa, kwenye kiungo kile kile. Nilifumba macho. Kucha za Kalunde zilikuwa kwenye mkono wangu. Alama zipo hadi sasa.

Nilipofumbua, gogo lilikuwa limenasa kwenye mizizi, linatetemeka, na bawa lilikuwa pale. Lilikaa hapo asubuhi yote na mto ukalipita.

Saa nne jua lilitoka. Kalunde aliachilia mkono wangu. Nilidhani atasema jambo la kukumbukwa.

"Katibu," akasema, "umefika wa mwisho. Orodha inasema wewe ni wa kuchelewa."

Nikabeba jiwe. Waliniimbia kwa beti tisa.

16 Novemba

Nimelala saa kumi na tatu.

30 Novemba

Mto umeshuka na kuacha mchanga mpya nyuma ya ukuta, kimo cha kiuno changu. Leo Kalunde aliniita. Alikuwa amechimba kwa mikono karibu na bawa la kushoto, kina cha kiwiko. Tulikaa tukilitazama lile shimo. Maji yalikuja kutoka pembeni, bila sauti, yakajaza nusu, yakatulia, yakawa meupe. Alinipa nionje kwanza. Ninamwandika Kalunde hapa na leo nimetamani kumwandika Mama Mulei, kwa hiari yangu.

9 Desemba

Bomba limerudi. Kioski kimefunguliwa. Mama ametoka saa mbili na kurudi saa mbili na robo, amekasirika kwa sababu hakuna foleni na hivyo hakuna habari.

12 Desemba

Leo nimejaza ripoti ya mwisho ya Mfuko. Kuna kisanduku kinachouliza: Vizuizi vilivyokutwa kwenye kingo. Nimeandika: Mikuyu saba. Tumefika hapo, tumeiacha.

Kisha nilikwenda kupima ukingo mara ya mwisho, kwa macho yangu, kama nilivyojiapia. Kila kitu kiko sawa. Kwenye mzizi mkubwa, upande usioonekana kutoka njiani, palikuwa na kifuniko cha bati cha bluu, na ndani yake mtama, ndege wameshaula nusu. Nilikitambua kabla ya kuinama. Kilikuwa na ule mbonyeo nilioutia nilipokuwa na miaka sita.

Nilimkuta mama akichemsha chai. Mkebe wa sukari ulikuwa umefunikwa kwa sahani.

"Mwaitu, kifuniko cha sukari kiko wapi?"

"Kitakuwa mahali."

"Nikilete?"

Alikoroga. Alitia majani.

"Mvua bado ina wiki mbili," akasema. "Kiache."